Likizo ya Meli Ziwa Nyasa: Mwongozo kwa Wana-Nkunga Walio Ughaibuni

Mwaka unapoanza, ndugu zetu walioko London, Toronto na Muscat huanza kuhesabu siku za likizo. Siku hizi wengi huulizia meli za kitalii: zile zinazoondoka Miami kwenda visiwa vya Karibi, au Barcelona kuzunguka Mediterania, zenye hoteli na mabwawa ya kuogelea ndani yake. Hamu hiyo ni halali, na anayejaliwa kwenda aende. Lakini anayetoka Nkunga, Tukuyu au kokote Rungwe ana safari nyingine ya meli ambayo pengine hajawahi kuifikiria, nayo inaanzia chini ya vilima alikozaliwa. Siku ya anga safi, kutoka Tukuyu unaliona Ziwa Nyasa likimeta kule kusini. Wazee wetu wengi wameliangalia ziwa hilo maisha yao yote bila kupanda meli hata mara moja.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuipanga safari hiyo, hasa kwa anayekuja nyumbani kwa wiki chache na kutaka kusafiri na wazazi na watoto.

Meli yenyewe na njia yake

Upande wa Tanzania, meli ya abiria ni MV Mbeya II. Ilijengwa Kyela kwenyewe, katika bandari ya Itungi, na kampuni ya Kitanzania ya Songoro Marine, ikaanza kutoa huduma mwaka 2021. Inachukua abiria 200 na tani 200 za mizigo, na ilijengwa kwa ajili ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA). Kabla yake njia hiyo ilihudumiwa kwa miaka mingi na MV Songea na MV Iringa, ambazo wenye umri mkubwa miongoni mwetu wanazikumbuka vizuri.

Meli huanzia Kyela na kufuata mwambao wa mashariki kuelekea kusini, ikipita vituo kama Matema, Lumbila, Lupingu, Manda na Liuli hadi Mbamba Bay, wilayani Nyasa, mkoa wa Ruvuma. Kushoto kwako inasimama Milima ya Livingstone, ambayo sehemu nyingi imeshuka moja kwa moja hadi majini. Vijiji kadhaa vya chini ya milima hiyo vimeishi miaka na miaka bila barabara ya gari, na maji ndiyo yaliyokuwa njia yao. Ndiyo maana meli hii imejaa mambo ya maisha: mchele wa Kyela, mafuta ya taa, mabati, magodoro, mama anayepeleka mtoto hospitali, mwalimu anayerudi kituoni.

Hilo ulielewe kabla ya kukata tiketi. Hii ni meli ya usafiri na mizigo. Haina muziki wa usiku wala meza za vyakula vya kila aina. Ukiipanda kwa matarajio ya Miami utasononeka. Ukiipanda kama mgeni katika njia ya watu wenyewe, utashuka umeliona ziwa kwa namna ambayo hakuna hoteli inayoweza kukuonyesha.

Likizo ifuate meli

Kanuni kubwa kuliko zote ni hii: likizo yako ndiyo iifuate meli. Ratiba ya meli ya ziwani hubadilika kwa sababu ya matengenezo, mizigo au hali ya hewa. Kabla ya kununua tiketi ya ndege, mwombe ndugu aliye Tukuyu au Kyela afike ofisi ya bandari ya Kiwira au Itungi, aulize siku za safari, madaraja ya tiketi na nauli. Aulize tena wiki moja kabla ya safari, na mara ya mwisho siku moja kabla. Habari ya "nasikia inaondoka Alhamisi" isitoshe kukutoa nyumbani na mama mwenye miaka 70.

Safari ya meli iweke katikati ya likizo. Ukiiweka mwanzoni, mzigo wako ukichelewa uwanja wa ndege umekwama. Ukiiweka mwishoni, meli ikichelewa siku mbili ndege inakuacha. Acha angalau siku tatu tupu baada ya siku unayotarajia kurudi. Lala Kyela usiku wa kuamkia safari, kwa sababu mvua za Rungwe na malori ya njia ya Kasumulu vinaweza kukuchelewesha barabarani, na meli haimsubiri mtu.

Si lazima urudi kwa meli. Kutoka Mbamba Bay kuna barabara ya lami hadi Mbinga, kisha Songea, Njombe na Makambako, ambapo unaingia barabara kuu ya Mbeya. Ukishuka na maji na kurudi kwa mabasi, likizo yako itakuwa imezunguka sehemu kubwa ya Nyanda za Juu Kusini. Njia hii inafaa pia kama mpango wa akiba meli ikiahirishwa: unaweza kuianza safari kwa gari na kulikuta ziwa Mbamba Bay.

Anayepanga meli kubwa za Ulaya naye asikilize neno moja kuhusu hati. Ukisafiri kwa pasipoti ya Tanzania, angalia kila bandari iliyo kwenye ratiba. Meli ikitoka eneo la Schengen na kurudi, viza ya kuingia mara moja haitoshi. Na kwa anayekuja nyumbani kwa pasipoti ya kigeni: Tanzania haijaruhusu uraia pacha, kwa hiyo angalia kama pasipoti yako inahitaji viza, hata kama umezaliwa Nkunga. Iombe mapema kupitia mtandao wa Idara ya Uhamiaji. Beba pasipoti hata safarini ziwani, kwa kuwa hilo ni ziwa la mpakani.

Majira na upepo

Kiangazi cha Juni hadi Oktoba kina anga safi na barabara kavu. Lakini kati ya Mei na Agosti kuna upepo wa kusini mashariki, wavuvi wanauita mwera, ambao hupuliza siku kadhaa mfululizo na kuinua mawimbi makubwa. Ziwa hili lina urefu unaozidi kilomita 550 na kina kinachofikia takriban mita 700. Upepo unaotoka kusini una nafasi ndefu ya kukusanya nguvu kabla ya kufika kwetu. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ninayopendekeza: upepo umepungua na mvua hazijaanza. Machi na Aprili ni za kuepuka, kwani Kyela hufurika.

Historia ya ziwa imejaa onyo hili. Septemba 1895, Askofu Chauncy Maples wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alikufa maji baada ya mashua yake kupinduliwa na dhoruba. Jina lake lilipewa meli ya misheni iliyoletwa kutoka Glasgow ikiwa vipande vipande na kushushwa majini mwaka 1901. Julai 1946 meli ya MV Vipya ilizama upande wa Nyasaland (Malawi ya leo) na kuua watu 145. Nahodha akisema safari imeahirishwa, mshukuru.

Wazee na watoto

Kutoka Tukuyu hadi ufukweni unashuka zaidi ya mita 1,000. Mzee aliyezoea baridi na ukungu wa Rungwe atalisikia joto la Kyela mwilini tangu siku ya kwanza. Mpe siku moja ya kuzoea, maji ya kunywa ya kutosha na nguo nyepesi, lakini usimwache bila koti, maana sitahani usiku kuna upepo. Dawa zake za presha au kisukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalopelekwa ghala la mizigo.

Kuhusu malaria, tuambiane ukweli. Aliyekaa Ulaya au Marekani miaka mingi amepoteza sehemu kubwa ya kinga aliyokuwa nayo, na mtoto aliyezaliwa huko hana kinga kabisa. Kusema "mimi nimekulia huku" hakumzuii mbu. Muone daktari wiki kadhaa kabla ya safari akuandikie dawa ya kinga, na ulale ndani ya chandarua. Ziwani pia kuna kichocho, ambacho vimelea vyake hupenya kwenye ngozi. Epuka kuoga penye matete na maji yaliyotuama, na ukirudi ughaibuni mwambie daktari kwamba uliingia majini, akupime baada ya wiki kadhaa. Midomo ya mito ni makao ya mamba. Waulize wenyeji mahali pa kuogelea na uwatii.

Ndani ya meli

Tiketi zote ziandikwe majina kamili, pamoja na za watoto wachanga. Orodha ya abiria ndiyo inayowaambia waokoaji wamtafute nani. Mkipanda, kabla ya kutafuta pa kukaa, tafuteni kwanza jaketi okozi zilipo na mlango wa kutokea. Mfundishe kila mtoto kuvaa lake, na hakikisha lipo linalomtosha. Ukisafiri na mdogo sana, mnunulie lake huko uliko na uje nalo.

Kwa anayepatwa na kichefuchefu, kidonge humezwa kabla ya meli kuondoka, maana ukishaanza kutapika hakisaidii sana. Kaa katikati ya meli, sehemu za chini, na uangalie mbali ziwa linapokutana na mbingu. Beba chakula chako: ndizi za kuchemsha, mahindi, parachichi la Rungwe, chupa ya chai. Beba pia fedha taslimu za Kitanzania. Tangu Machi 2025 kutoza na kulipia huduma nchini kwa fedha za kigeni kumekatazwa, na huko vituoni usitegemee mashine ya benki. Simu ijazwe chaji na chenchi ndogo ndogo ziwe mfukoni.

Uwe sitahani meli inapokaribia kituo kisicho na gati. Hapo mitumbwi hutoka ufukweni kuja kuilaki. Abiria hushushwa mmoja mmoja, begi hufuata, kuku hufuata, godoro huteremshwa mwisho likiwa limekunjwa na kufungwa kamba. Baharia anamshika mama mkono, aliye mtumbwini anampokea mtoto kwanza. Dakika chache kazi imekwisha, na hakuna aliyepiga kelele. Watoto wetu waliozoea viwanja vya ndege wanastahili kuona ustadi huo.

Vituo vya kushuka

Kama una siku chache, usiende mbali: shuka Matema. Kuna mchanga, milima mgongoni mwako, na nyumba za wageni za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Karibu na hapo ni Lyulilo, kwenye soko la Jumamosi ambako akina mama wa Kikisi huleta vyungu kutoka Ikombe kwa mitumbwi. Vyungu hivyo vina rangi ya udongo mweupe na marembo ya wekundu wa kahawia. Nunua kwa mwenyewe aliyefinyanga, na ufunge kwa nguo ndani ya begi. Kula mbasa wa kuchoma na usipa, samaki wa ziwa hili.

Ukiwa na wiki nzima, fika Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake. Hapo ndipo, Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza ya Guendolen iliishambulia meli ya Kijerumani ya Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Hilo lilikuwa miongoni mwa mapambano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Mbele yake ni Mbamba Bay, ghuba tulivu ambako jua huzama upande wa Malawi.

Neno la mwisho

Nchi yetu imelia vya kutosha. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 800. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, ikaua watu 228, nayo ilibeba kupita uwezo. Ukifika bandarini ukaona chombo kimejaa kupindukia, au umeambiwa upande boti dogo lisilo na jaketi ili kuokoa muda, rudi. Nauli utaipata tena.

Basi, ndugu zangu, mwaka huu kabla hamjalipia chumba cha meli ya Karibi, pigeni simu moja nyumbani. Muulizeni baba, mama au bibi kama amewahi kusafiri kwa meli ziwani. Kama hajawahi, na afya yake inaruhusu, mkatieni tiketi akiwa bado na nguvu za kupanda ngazi.