Kabla ya Kijana Kwenda Auschwitz

Mzazi anayemfungia mwanawe mizigo ya safari ya ng'ambo aghalabu huhangaika na pasi, sweta na fedha za matumizi. Lakini zipo familia za Kiyahudi, za Marekani, Kanada na kwingineko, ambazo humwandaa kijana wa miaka 16 au 17 kwa safari ambayo mizigo ndiyo kazi nyepesi. Kijana huyo anakwenda kuona mahali ambapo watu wa ukoo wake na wa dini yake waliuawa kwa maelfu.

Safari hiyo huitwa Matembezi ya Walio Hai, nayo ilianza mwaka 1988. Vijana hukaa Poland kwa muda wa wiki moja hivi, kisha huendelea hadi Israeli. Siku ya kuwakumbuka waliouawa, hutembea kilometa tatu kutoka kambi ya Auschwitz hadi Birkenau, ambako Manazi walijenga vyumba vya kuulia watu kwa gesi. Watu wapatao milioni 1.1 waliangamia katika kambi hizo kabla ya majeshi ya Kisovieti kuzikomboa tarehe 27 Januari 1945. Karibu milioni moja kati yao walikuwa Wayahudi.

Baadhi ya wasafiri hao ni viongozi katika vyama vya vijana wenzao. Vyama hivyo si vya jana: AZA, cha wavulana, kilianzia Omaha, Marekani, mwaka 1924, na BBG, cha wasichana, kikafuata mwaka 1944. Humo vijana huchaguana na kuendesha mikutano wenyewe. Hata hivyo, kujua kuongoza mkutano hakumsaidii mtu mbele ya chumba cha gesi. Ndiyo maana matayarisho huchukua miezi kadhaa.

Mwalimu mwenye busara haanzi na maiti. Huanza na walio hai: Wayahudi zaidi ya milioni tatu waliokuwa wakiishi Poland kabla ya vita, wenye shule zao, magazeti yao na michezo yao ya kuigiza. Kijana asiyewafahamu hao ataona huko malundo ya viatu tu. Ataona pia masanduku ya safari yenye majina ya wenyewe, yaliyoandikwa kwa rangi. Wenye masanduku waliambiwa waandike majina ili mizigo isipotee.

Katika baadhi ya makundi, wazazi huombwa waandike barua kwa siri, ambayo mtoto hupewa akiwa Poland. Nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Baba aliyezoea kuuliza habari za mitihani atamwandikia nini mwanawe atakayeisoma karibu na kambi ile? Wengine, bila shaka, humweleza mtoto kwa mara ya kwanza kwamba wanampenda.

Wapo pia wanaoilaumu safari hiyo. Husema kwamba kijana akionyeshwa makaburi pekee atarudi akiamini kuwa dunia nzima ni adui yake, na kwamba Poland si nchi ya watu bali ni kaburi. Lawama hiyo ina uzito, kwa maana Wapoland wapatao 70,000 nao walifia Auschwitz. Kwa hiyo yapo makundi yanayokutana na vijana wa Kipoland, na ingefaa yote yafanye hivyo.

Kuahirisha nako kuna hasara yake. Miongoni mwa wanaofuatana na vijana wamo wazee walionusurika. Aliyekuwa na miaka 15 vita vilipokwisha alitimiza miaka 95 mwaka 2025.

Huko Birkenau vijana huandika majina kwenye vibao vidogo vya mbao na kuviweka relini, pale zilipofika treni za wafungwa. Anayetaka kuandika jina la mtu wa ukoo wake hana budi kuuliza nyumbani mapema. Ndipo bibi huulizwa, mezani baada ya chakula, mdogo wake marehemu mama yake aliitwaje, na jina hilo huandikwa kwa herufi zipi.