Ushindi Usitokane na Kiboko

Desemba 2024 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi lilitangaza kumfungia mwaka mmoja Charlotte Dujardin wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki, na kumtoza faini ya faranga 10,000 za Uswisi, kwa kumchapa farasi mazoezini. Ubingwa haukumkinga.

Wenzetu wa Lamu hushindanisha punda wakati wa Maulidi. Nasi wa Kilwa na Lindi, tukitaka kuwaiga, hatuna budi kutanguliza kanuni: mpiga viboko aondolewe, punda mwenye jeraha asiingizwe, mwamuzi asiwe ndugu wa mshindani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 tunayo. Tunawataka viongozi waisimamie bila upendeleo, kwani mnyama hana ulimi wa kushtaki.