Bei ya mashine ya gemu ambayo haijaandikwa kwenye boksi

Alizeti ikishauzwa na fedha ikaingia ndani, watoto huanza kudai ahadi zao. Siku hizi wengi hawaombi baiskeli. Wanataka mashine ya gemu, na kama hiyo haiwezekani, basi walau deki mpya ya kuangalia katuni. Hapa Kiomboi wazazi huniuliza swali hilo tukishamaliza habari za homa na kikohozi: "Daktari, nimnunulie? Haitamharibu macho? Na ipi ndiyo nzuri?"

Mimi si muuza duka, lakini swali hilo ni la afya kuliko linavyoonekana. Leo nitaanza na bei na sifa za vifaa hivyo, kisha nikuoneshe gharama ambazo muuzaji hatakutajia.

Mpya, mtumba na deki

PlayStation 5 na Xbox Series X ziliingia sokoni Novemba 2020, na kila moja ilitangazwa kwa dola 499 za Marekani. Kwa fedha zetu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja, kabla ya usafiri, kodi na faida ya muuzaji. Nintendo Switch 2 ilitoka Juni 2025 kwa dola 449.99. Zipo za bei ya chini: PlayStation 5 isiyo na sehemu ya diski ilianza kwa dola 399, na Xbox Series S kwa dola 299.

Usikimbilie hizo mbili za mwisho kwa sababu ya bei tu. Hazina mahali pa kuweka diski, hivyo kila gemu lazima lipakuliwe kwa intaneti. Gemu moja kubwa la siku hizi linaweza kula gigabaiti 50 hadi 100. Kama nyumbani unategemea bando la simu, piga hesabu hiyo mapema. Huwezi pia kuazima diski kwa jirani wala kununua iliyotumika.

Wengi watapata mtumba, hasa PlayStation 2. Mashine hiyo ilitoka Japani Machi 2000 na inacheza pia DVD, kwa hiyo ni gemu na deki kwa pamoja. Tatizo lake kubwa ni umeme. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani inatumia volti 100, na ya Marekani volti 120, wakati umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja unaweza kuiunguza, na kifaa kinachoungua sebuleni ni hatari kwa nyumba nzima. Geuza mashine usome kibandiko cha chini au cha nyuma. Kikisema 100–240, uko salama. Kikisema 100 au 120 pekee, utahitaji kifaa cha kupunguza umeme.

Kwa deki na filamu halisi za DVD, kumbuka kuwa diski zina namba za kanda. Marekani ni 1, Japani na Ulaya ni 2, nchi zetu ni 5. Deki iliyofungwa kwa kanda moja hukataa diski za kanda nyingine, hivyo ijaribu dukani kabla hujalipa.

Betri inayofanana na sarafu

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Deki nyingi za bei nafuu huja na rimoti ndogo nyembamba. Ndani yake kuna betri bapa inayong'aa kama sarafu, mara nyingi imeandikwa CR2025 au CR2032. Namba 20 za mwanzo zina maana kwamba upana wake ni milimita 20. Upana huo unatosha kabisa kukwama kwenye koo la mtoto mdogo.

Mtoto akiimeza ikakwama, haihitaji kupasuka wala kuvuja ili imdhuru. Mate huruhusu umeme wake kupita, na penye mguso hutengenezwa kemikali kali inayounguza nyama. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Betri inaweza kutoboa koo la chakula, ikafika kwenye njia ya hewa au kwenye mshipa mkubwa wa damu. Hata ile uliyoitoa kwa sababu "imekwisha" bado ina nguvu ya kutosha kuunguza.

Dalili zake hudanganya. Mtoto anatoa udenda, anakataa kula, anakohoa, anatapika au anapumua kwa kukoroma. Ni rahisi kudhani ni mafua au nimonia. Kama rimoti imekutwa wazi na betri haionekani, usisubiri dalili. Chukulia kuwa ameimeza.

Fanya hivi. Usimtapishe. Usimpe ugali, maziwa wala maji ya kusukumia. Anza safari ya hospitali yenye eksirei mara moja, na ukifika mapokezi sema wazi: "Mtoto amemeza betri." Usiseme tu "ameumwa ghafla", na usikae kimya kwenye foleni.

Asali nayo ina kazi yake hapa, na mkoa wetu wa Singida unasifika kwa asali. Wataalamu wa sumu wanashauri hivi: kama mtoto ana zaidi ya mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, apewe vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, mkiwa njiani. Asali hupunguza kasi ya kuungua, lakini haitoi betri. Usipoteze hata dakika tano kuitafuta, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Kwetu muda una uzito wa pekee. Anayetoka Tulya au Ndago ana safari ya kufika Kiomboi, na baada ya eksirei huenda akahitaji rufaa ili betri itolewe kwa kifaa maalumu. Kila dakika inayopotea nyumbani inakatwa kwenye zile saa mbili. Kanuni hiyohiyo inahusu betri iliyoingizwa puani au sikioni.

Kwa hiyo dukani, kagua rimoti kabla ya deki. Mfuniko wa betri uwe na skrubu. Kama unavutika kwa kucha tu, ufunge kwa gundi ya karatasi imara uzungushe mara kadhaa. Betri iliyokwisha ifunge kwa gundi hiyohiyo pande zote mbili, uiweke mbali na watoto hadi uitupe.

Mwanga unaomwekamweka

Mwezi Desemba 1997 huko Japani, mamia ya watoto walikimbizwa hospitali jioni moja baada ya kutazama kipindi cha katuni za Pokémon kilichokuwa na mwanga mwekundu na wa buluu uliomwekamweka kwa kasi. Baadhi yao walipata degedege.

Katika kila watu 100 wenye kifafa, takriban watatu hushtuliwa na mwanga wa namna hiyo. Hii haina maana kwamba gemu huleta kifafa kwa kila mtoto. Maana yake ni kwamba mwenye ugonjwa huo, au aliyewahi kuanguka, aonwe na daktari kwanza. Akiruhusiwa, acheze taa ya chumba ikiwa inawaka, akae mbali na kioo, na asicheze akiwa na usingizi. Akianguka, mlaze ubavu na usimtie kijiko mdomoni. Kumgusa hakukuambukizi chochote. Degedege ikipita dakika tano, mpeleke hospitali.

Macho, masikio na saa

Gemu halipofushi. Linachosha macho na kuyakausha, kwa kuwa mtoto anayekodolea kioo husahau kupepesa. Kucheza nje mchana husaidia kuwakinga watoto na tatizo la kutoona mbali, hivyo usiruhusu gemu lichukue nafasi ya mpira.

Sabufa nayo ina kipimo. Kama mnalazimika kupaza sauti ili msikilizane sebuleni, punguza.

Kuhusu saa, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo. Wa miaka miwili hadi minne usizidi saa moja kwa siku, na pungufu yake ni bora zaidi. Wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kukimbia na kucheza kila siku.

Shirika hilo pia limeutambua ugonjwa wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtoto hawezi kujizuia, gemu linatangulia shule, chakula na usingizi, na anaendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Watoto wengi wanaocheza hawana ugonjwa huu, hivyo usimbandike mwanao jina hilo kwa sababu ya likizo moja.

Nimnunulie au nisimnunulie?

Jibu langu huwa hili: ukikataa kabisa, huenda akalifuata gemu kwenye banda la mtaani, ambako humwoni wala hujui anacheza nini. Mashine iliyoko sebuleni ina faida kwamba unaiona. Lakini iwe sebuleni kweli, isilale chumbani kwake. Kama unatumia TV ya chogo, iweke kwenye meza pana na fupi, kwa sababu mtoto akivuta waya wa padi anaweza kujiangushia. Soma namba ya umri kwenye kava: 3, 7, 12, 16 au 18. Grand Theft Auto V ni ya miaka 18, hata kama mtoto wa jirani wa miaka tisa anaicheza. Diski ya kunakili mara nyingi haina namba hiyo, basi kaa naye ucheze mzunguko wa kwanza.

Na jioni hii, kabla hujafikiria kununua chochote, chukua rimoti zote zilizomo ndani, geuza kila moja, bonyeza mfuniko wa betri kwa kidole. Unaofunguka kirahisi, ufunge leo.