Nyota za harusi, deni la matanga

Mwanafunzi wa chuo cha ualimu mjini Korogwe aliyepungukiwa shilingi elfu hamsini ili akamilishe ada hahitaji kutoka bwenini kutafuta mkopeshaji. Simu yake imejaa programu za mikopo, na kila moja inajitambulisha kwa nyota na maoni ya watumiaji: "wapo vizuri", "hela imeingia dakika mbili", "Mungu awabariki". Hana mshahara wala dhamana, wala hamjui mtu aliye nyuma ya programu hiyo, kwa hiyo nyota hizo ndizo ushahidi pekee alionao. Hoja yangu ni kwamba nyota hizo humweleza jinsi ilivyo rahisi kupewa fedha, na karibu hazisemi lolote kuhusu kuzirudisha. Wahenga walishatuambia kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Maoni mengi ya programu za mikopo huandikwa harusini, wageni wangali wanakula.

Mwaka 1970 mchumi Phillip Nelson alitofautisha bidhaa ambazo mnunuzi huweza kuzikagua kabla ya kutoa fedha na zile ambazo ubora wake hujulikana kwa kuzitumia tu. Wali maharage wa mama lishe wa stendi ya Korogwe ni wa aina ya pili, ila kuutumia huchukua dakika chache. Abiria wa basi la Arusha akirudi kwenye kiti chake anajua alichonunua, na akitaka kumsifu au kumlaumu mpishi, ushahidi wote anao tumboni. Mkopo nao ni wa aina hiyo hiyo, lakini ubora wake hujitokeza mwishoni. Siku fedha inapoingia, mikopo yote inafanana. Ujumbe unalia, salio linapanda, mtu anashusha pumzi. Mkopeshaji mwaminifu na mnyonyaji hawatofautiki kirahisi siku hiyo. Tofauti huanza kuonekana kwenye makato, kisha kwenye tarehe ya marejesho, kisha, kwa aliyechelewa, kwenye simu anazopigiwa mjomba wake wa Kwamsisi ambaye hakumdhamini mtu yeyote. Anayetoa nyota tano muda mfupi baada ya kupokea hajashuhudia kitu zaidi ya kasi.

Tuipige hesabu kwa mfano. Mwanafunzi anaomba 50,000, anapokea 40,000 kwa kuwa ada ya huduma imekatwa juu kwa juu, na anatakiwa kurudisha 50,000 baada ya siku 14. Tangazo laweza kusema riba ni sifuri, na kwa maneno matupu halitakuwa limedanganya. Lakini aliyoitumia ni 40,000, na ameilipia 10,000 kwa wiki mbili, yaani robo nzima ya alichopata. Ukomo wa riba ambao Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho 40,000 kwa nusu mwezi ingegharimu shilingi 700. Ndiyo maana gharama hubadilishiwa majina: leo ada ya huduma, kesho ada ya uchakataji, keshokutwa bima. Elfu kumi hiyo ndiyo pia posho ya chakula na malazi ya siku moja kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo mwaka 2022 ilipandishwa kutoka 8,500. Tena huyo ni mwanafunzi mwenye bumu. Bodi ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa mwaka wa masomo 2023/24 tu, na walio ngazi ya cheti mpango huo haukuwagusa.

Hata tukiacha suala la wakati, bado kuna suala la nani anaandika. Watafiti wa biashara za mtandaoni, Nan Hu na wenzake, walionyesha mwaka 2009 kwamba maoni ya wanunuzi hurundikana kwenye nyota tano, kidogo kwenye nyota moja, na katikati pakawa patupu, kwa sababu aliyeridhika kiasi haoni haja ya kuandika. Mwaka 2013, katika jarida la Science, Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walieleza jaribio ambalo maoni kwenye tovuti moja ya habari yalipewa kura moja ya sifa bila sababu yoyote. Kura hiyo ya kupachika iliongeza kwa asilimia 32 uwezekano wa msomaji wa kwanza kusifu, na alama za mwisho zikapanda kwa asilimia 25. Anayetaka kuupinda umma hahitaji umati wa waongo. Wachache waliowahi wanatosha. Na sababu ya kuwahi ipo. Michael Luca wa Harvard alikadiria kwamba nyota moja zaidi kwenye tovuti ya Yelp iliongeza mapato ya migahawa isiyo ya kampuni kubwa kwa asilimia 5 hadi 9, na baadaye yeye na Georgios Zervas wakakuta kwamba takriban asilimia 16 ya maoni ya migahawa ya Boston yalichujwa na tovuti hiyo yenyewe kwa kutiliwa shaka. Ikiwa sahani ya chakula inamshawishi mtu kununua sifa, sembuse biashara inayopata robo ya mtaji kwa wiki mbili.

Kwa mikopo kuna chujio jingine ambalo migahawa haina, nalo ni aibu. Aliyekula chakula kibaya hulalamika kwa sauti. Aliyeshindwa kulipa deni, ndugu zake wakatumiwa ujumbe wa kumdhalilisha, huifuta programu, hubadilisha laini, na hunyamaza. Kundi la utafiti la CGAP, lenye makao Benki ya Dunia, lilichapisha mwaka 2018 matokeo ya mahojiano ya simu na wakopaji wa kidijitali wa Kenya na Tanzania. Upande wa Tanzania asilimia 56 walisema wamewahi kuchelewesha malipo, na asilimia 31 kwamba wamewahi kushindwa kulipa. Sisemi kila aliyechelewa alionewa; wengine walikopa bila hesabu. Ninachosema ni kwamba kundi kubwa hivyo, lenye habari ambazo mkopaji mpya anazihitaji kuliko zote, halionekani kwenye wastani wa nyota unaokaribia tano. Na takwimu hizo ni za kabla ya wimbi la programu ambazo mtaani zimebatizwa kausha damu.

Sasa tumtazame msomaji wa nyota hizo, maana udhaifu wa ushahidi ni nusu tu ya tatizo. Fedha za mwanafunzi wa Handeni na Korogwe huja kwa misimu. Mzazi wa Handeni anayetegemea mahindi husubiri mvua za vuli na masika, na zikichelewa, ada nayo inachelewa. Wa Korogwe anayekata mkonge kwenye mashamba ya Ngombezi au Magunga hulipwa kwa kazi iliyofanyika. Kalenda ya chuo haijui misimu hiyo. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao waliripoti kwamba wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili kabla ya kuvuna kuliko walipokwisha kuvuna, ingawa walikuwa watu wale wale. Matokeo hayo yamependwa mno na wahubiri wa fedha, na nadhani yanastahili tahadhari. Mwaka 2016 Leandro Carvalho na wenzake waliwapima Wamarekani wa kipato cha chini kabla na baada ya siku ya malipo, na hawakukuta akili imepungua. Walichokuta ni kwamba ambao hawajalipwa waliipa fedha ya leo uzito mkubwa zaidi kuliko ya kesho. Kwa hoja yangu hilo linatosha, na ni la heshima zaidi kwa maskini. Mwanafunzi mwenye dhiki anafikiri sawasawa; anachofanya ni kuuliza swali la leo: je, hela itaingia? Nyota zinalijibu swali hilo kwa usahihi kabisa. Zinakutana na dhiki yake mahali pale pale zinapoweza kumdhuru.

Mtu atanipinga kwamba maoni mabaya nayo yapo, na mwenye macho ataanza na nyota moja. Ni kweli, na ningemshauri mwanafunzi asome hizo tu. Aliyelia huandika kiasi, siku na kilichokatwa. Aliyefurahi huandika baraka. Lakini njia hiyo ina mipaka. Programu iliyochafuka jina huweza kurudi kwa jina jingine, rangi nyingine na historia tupu. Nyingine husambazwa kwa kiungo cha WhatsApp bila kupita dukani, zikiwa na picha za nyota zilizochorwa tu. Tangu 2019 Google ilizikataa dukani kwake programu za mikopo zinazodai fedha yote irudi ndani ya siku 60, na mwaka 2023 ikazizuia kufungua orodha ya majina na picha za mteja. Hivyo programu inayokudai baada ya siku saba imeshajieleza yenyewe, hata iwe na nyota ngapi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mkopo ghali ni afadhali kuliko kukosa mtihani. Siwezi kulipuuza. Benki zina matawi Korogwe na Handeni mjini, lakini kwa kawaida hazina mkopo wa elfu hamsini kwa mtu asiye na mshahara. Halmashauri zote nne, za mji na za wilaya, zina fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ila hupewa vikundi vyenye shughuli ya kiuchumi, na mwanafunzi wa bweni hana kikundi wala shughuli. Basi atakayekopa na akope. Hoja hii haigusi kukopa. Inagusa bei ambayo mtu anaamini analipa. Anayejua kwamba 40,000 itamgharimu 10,000 anaweza kuamua kwamba mtihani una thamani hiyo, au kumwomba mhasibu wa chuo wiki mbili, jambo ambalo wengi hawalijaribu kwa sababu programu haioni haya na mhasibu ana uso.

Wengine watasema serikali imeshamaliza kazi. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali wa daraja la pili, na Novemba mwaka huo ikataja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inampa haki mtu ambaye orodha yake ya majina imetumika kumfedhehesha. Kuangalia kama mkopeshaji ana leseni ndiyo hatua ya kwanza, na haichukui muda mrefu kuliko kusoma maoni kumi. Lakini orodha ya marufuku hueleza ya jana. Programu ya sabini haimo. Leseni nayo huthibitisha kwamba mkopeshaji anajulikana alipo, haithibitishi kwamba mkopo wake unakufaa.

Kinachokosekana ni maoni yaliyoandikwa baada ya deni kufungwa, na chuo ni mahali pazuri kuliko soko lolote pa kuyakusanya. Serikali ya wanafunzi inaweza kuweka daftari lisilo na majina, kila mstari ukiwa na jina la mkopeshaji, kiasi kilichoombwa, kiasi kilichoingia, kiasi kilichorudishwa na siku zilizopita kati ya hapo. Hakuna nyota, hakuna sifa. Najua litakalosemwa: watu wataona haya, na wengine wataandika uongo. Haya hupungua jina lisipotakiwa. Kuhusu uongo, tofauti na mtandao ni kwamba waandishi ni wachache, wanalala jengo moja na hawana mgawo kwenye faida ya mkopeshaji, na mistari mitano juu ya programu ile ile ikipishana mno, itaonekana. Pia kila mwaka chuoni wapo wanaoingia na wanaokaribia kumaliza kwa wakati mmoja, hivyo anayefikiria kukopa mwezi wa kwanza anaweza kumfikia aliyelipa mwaka jana, akamuuliza kwa mdomo yale ambayo safu za daftari hazina nafasi yake: alipochelewa siku moja wakopeshaji walimpigia nani, saa ngapi, na walisema nini.