Jinsi ya kusawazisha sabwufa bila kubahatisha

WENGI wanaonunua mitambo ya sinema ya nyumbani hupandisha sauti ya sabwufa hadi madirisha yatetemeke, wakidhani hapo ndipo wamepata thamani ya pesa zao.

Muda si muda hugundua kuwa maneno ya waigizaji hayasikiki vyema na jirani wa ghorofa ya chini amenuna.

Chanzo cha tatizo hili ni kutegemea sikio. Sikio la binadamu ni dhaifu kwa sauti nzito. Mlio wa hezi 40 huhitaji nguvu nyingi kuliko ule wa hezi 1,000 ili yote miwili isikike kwa kiwango sawa. Ndiposa anayerekebisha besi kwa kusikiliza tu aghalabu huizidisha.

Dawa ni mlio wa majaribio, ambao risiva nyingi huwa nao kwenye menyu ya spika. Huu ni mvumo usiokatika, mithili ya maporomoko ya maji, unaotolewa na spika moja baada ya nyingine.

Kifaa kinachohitajika ni kipimasauti kinachoonyesha desibeli. Kinafaa kuwekwa kwenye kipimo cha C na usomaji wa polepole. Kipimo cha A hakifai kwa kuwa hupuuza besi. Kwenye hezi 50 hupunguza takriban desibeli 30.

Kwanza, kipimasauti kishikiliwe mahali anapoketi mtazamaji, kwa kimo cha masikio. Pili, kila spika irekebishwe kwenye menyu hadi isomeke desibeli 75. Tatu, sabwufa nayo iletwe kwenye kiwango hicho hicho. Kwa kuwa usomaji wa besi hupanda na kushuka, wastani wa sekunde kadhaa ndio uchukuliwe.

Iwapo menyu itafika mwisho kabla ya kiwango kupatikana, sauti ya sabwufa irekebishwe kwa kitufe kilicho kwenye sabwufa yenyewe, kisha upimaji urudiwe.

Wapo wanaoongeza desibeli 10 zaidi wakitafuta kishindo cha filamu. Hata hivyo, nyongeza hiyo hufanywa na mtambo wenyewe unapocheza mkondo maalumu wa besi katika filamu za Dolby Digital. Isitoshe, desibeli 10 huhitaji nguvu ya amplifaya mara 10, na huko ndiko spika huharibikia.

Mahali sabwufa ilipo pia ni muhimu. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa takriban mita 8.5, kuzidi sebule nyingi, hivyo besi hujaa pembeni na kufifia kwingineko. Sabwufa ikihamishwa, vipimo vichukuliwe upya.

Programu za simu zaweza kusaidia, ingawa maikrofoni za simu nyingi zimeundwa kunasa mazungumzo, wala si besi. Aidha, risiva nyingi za kisasa huja na maikrofoni na kujisawazisha zenyewe, lakini si vibaya kuhakiki matokeo.

Desibeli 75 ni kiwango cha kupimia tu. Baadaye sauti kuu yaweza kushushwa, na spika zote zikashuka pamoja. Hilo ni jambo la busara usiku, kwani besi hupenya kuta kwa urahisi, na kanuni za kelele za mwaka 2009 nchini Kenya zinakataza kelele zinazowasumbua wengine.