Tunza Boti na Mashine Ziwa Likifungwa

Ndugu mvuvi, mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Shabaha ilikuwa kuwapa samaki nafasi ya kuzaana. Boti nyingi zilikaa ufukoni miezi mitatu.

Je, boti yako ikikaa hivyo, mashine inapumzika? Hapana. Mashine isiyotunzwa huharibika hata kama haifanyi kazi. Ziwa likifunguliwa, wenzako wataondoka. Wewe utavuta kamba mpaka mkono uume, na mashine haitawaka. Wakati huo akiba imekwisha na watoto wanataka chakula.

Kwa nini haiwaki? Petroli ikibaki ndani ya kabureta muda mrefu, huacha utando unaonata. Utando huo huziba vitundu vidogo vya mafuta.

Basi, fanya hivi kabla ya kuweka mashine:

1. Ondoa pangaboi. Tazama nyuma yake. Ukikuta mshipi au uzi wa nyavu, utoe. Uzi huo hukata sili, na maji huingia kwenye gia.

2. Weka mguu wa mashine ndani ya pipa la maji safi, mahali pa wazi. Maji yapite juu ya tundu la kuvuta maji. Washa mashine. Maji safi yataosha mchanga na tope.

3. Chomoa mpira wa mafuta. Iache mashine iendelee mpaka izime yenyewe. Sasa kabureta haina petroli.

4. Fungua plagi. Tia oili kidogo kwenye kila tundu. Vuta kamba polepole mara chache, kisha rudisha plagi. Oili itazuia kutu.

5. Mwaga oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mwite fundi abadilishe sili. Kisha tia oili mpya.

6. Paka grisi, rudisha pangaboi, na uisimamishe mashine wima ili maji yote yatoke. Ifunike kwa nguo. Usiifunge kwa nailoni, kwa maana unyevu utabaki ndani.

Petroli iliyobaki usiiweke ndani ya nyumba. Mvuke wake hutambaa chini, na ukifika jikoni hushika moto.

Na boti je? Ivute juu, mbali na mawimbi. Iweke juu ya magogo ili mchwa na unyevu visiifikie. Ifunike kwa makuti au nyasi, kwa sababu jua kali hupasua mbao. Tazama kila ubao. Palipoachana, tia kalafati. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Siku chache kabla ya kurudi kazini, iache boti majini karibu na ufuko ili mbao zivimbe. Tia petroli mpya, safisha plagi, kisha ijaribu mashine.

Usiiahirishe kazi hii. Ifanye mapema, nawe utaondoka pamoja na wenzako.