Kuhamia Toleo Jipya la Programu Huria

Katika zahanati na vituo vya afya vya wilaya ya Karatu, tangu Mbulumbulu kwenye nyanda za juu hadi Mang'ola katika bonde la Ziwa Eyasi, watumishi huorodhesha wagonjwa waliotibiwa na watoto waliochanjwa. Kila mwezi hesabu hizo hujumlishwa kwa utaratibu wa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, kisha huingizwa katika programu ya kompyuta iitwayo DHIS2. Kwa kutumia takwimu za miaka mingi, wataalamu huweza kulinganisha malaria ya bondeni na ya nyanda za juu, na kupanga dawa zipelekwe wapi. Je, takwimu hizo hubakije salama programu yenyewe inapobadilishwa?

Programu huria ni nini?

Programu huria ni ile ambayo maagizo yake ya ndani yako wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha. DHIS2 ni mojawapo. Chimbuko lake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na toleo la kwanza la DHIS2 lilitoka mwaka 2006 chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuieneza nchini, na kufikia mwisho wa mwaka 2013 ilikuwa imefika katika mikoa yote ya Tanzania Bara.

Programu ya namna hii hainunuliwi, lakini kuihamisha kuna gharama ya kazi na maarifa. Toleo lililopitwa na wakati huacha kupewa marekebisho ya usalama. Hivyo kuhama hakukwepeki.

Ugumu uko wapi?

Msomaji atambue kwamba programu ni kitu kimoja, na hifadhidata, yaani ghala la takwimu, ni kitu kingine. Toleo jipya likiwashwa mara ya kwanza hubadilisha mpangilio wa ghala hilo. Baada ya hapo haifai kulirudisha toleo la zamani juu ya ghala lililokwisha kubadilishwa. Aidha, kila toleo lina mahitaji yake: toleo la 41 la DHIS2, lililotoka mwaka 2024, huhitaji Java ya 17, ilhali toleo la 40 liliweza kutumia Java ya 11. Ripoti na nyongeza zilizotungwa na watumiaji wenyewe nazo huweza kukataa kufanya kazi.

Hatua za mpango

Kwanza, mafundi huorodhesha kila kilichopo na kusoma maelezo ya toleo jipya. Pili, hutoa nakala ya hifadhidata na kuirejesha katika mashine nyingine. Nakala ambayo haijajaribiwa kurejeshwa haiwezi kutegemewa.

Tatu, hulijaribu toleo jipya juu ya nakala hiyo, huku watumishi wa wilayani wakifanya kazi zao za kawaida. Tuseme jumla ya wagonjwa wa Machi ilikuwa 412. Baada ya kuhama lazima iwe 412 ile ile. Ikiwa 409, kazi isimame mpaka sababu ipatikane.

Nne, huchagua siku. Taarifa za mwezi uliopita huingizwa mwanzoni mwa mwezi unaofuata. Kwa hiyo siku hizo ziepukwe. Tano, huamua mapema ni saa ngapi watarudi nyuma iwapo mambo yatakwama. Takwimu zilizoingizwa baada ya nakala kuchukuliwa hupotea nakala hiyo inaporejeshwa. Ndiyo sababu uingizaji husimamishwa kwa muda, na vitabu vya karatasi vilivyopo vituoni havina budi kutunzwa, kwani kutoka humo takwimu huweza kuingizwa upya.

Zoezi la darasani

Wanafunzi wachukue rejista ya mahudhurio ya mwezi mmoja, wakokotoe jumla ya kila siku, kisha wainakili katika jedwali lenye mpangilio mwingine, kwa mfano wavulana na wasichana mbalimbali. Kundi la pili likokotoe jumla kutoka katika jedwali jipya bila kuiona rejista. Jumla zikitofautiana, wanafunzi watafute kosa liliingilia katika hatua ipi, na waeleze wangefanya nini kama rejista ya awali ingekuwa imechanwa.